Siku ya Kupumzika Kabla ya Kalima

Wiki iliyopita kinga ya mwanangu ilitoboka, nikaenda naye kwa fundi anayekaa kando ya reli. Kinga ndiyo baiskeli. Kwetu Kindu ni mwalimu tu anayeiita kwa jina lingine, tena akiwa darasani. Fundi alitoa mpira wa ndani, akautia ndani ya beseni la maji aone mapovu yanatokea wapi, akaukausha kwa shati lake, akaukwaruza, kisha akafungua gundi. Harufu ile ilinifikia kabla sijaiona gundi yenyewe. Ni harufu kali yenye utamu ndani yake, inapanda puani na kukaa nyuma ya macho. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikakaa juu ya reli, na mwanangu akaniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia hapana. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika haya kidogo kidogo, kila nikipata nafasi.

Ninyi mliokuwa watoto wakati mmoja nami hamna haja ya kuelezwa vita vilikuwaje hapa. Garimoshi liliacha kuja, majani yakaota katikati ya reli, na sisi watoto tukatumwa kuchuma mboga ya lengalenga palepale ambapo zamani tulikatazwa kukanyaga. Chumvi ilifungwa fundo kwenye pembe ya kitambaa na kufichwa. Tulijifunza kutofautisha mlio wa bunduki wa mbali na wa karibu, kama watoto wa sehemu nyingine wanavyojifunza kutofautisha ndege. Baba yangu alikuwa mpakuzi wa mizigo pale stesheni. Garimoshi lilipokoma alikaa miezi mingi akizunguka uani bila kazi, akitengeneza vitu ambavyo havikuharibika, hadi siku moja akavuka mto Lualaba na kwenda Kalima kuchimba kasiterite, mawe ya bati, katika mashimo ya zamani. Mama alibaki nasi, mimi na wadogo zangu wawili. Nadhani nilikuwa na miaka tisa.

Dada mkubwa wa baba aliitwa Zuhura. Alikuwa mjane, hakujaliwa kuzaa, na baba alikuwa amelelewa mgongoni kwake tangu nyanya yetu alipofariki. Wakati ule wa vita alinunua kinga nzito ya zamani na kuanza kuisukuma kama wanaume, ikiwa imebeba chumvi, sabuni na vikwembe vya wanawake kujifunga kutoka Kindu, ikirudi na mchele na mafuta ya mawese. Watu walimwambia kinga si kazi ya mwanamke. Yeye aliwajibu kwamba anayetaka kumsukumia aje, na hakuna aliyekuja.

Ndiye aliyeleta wazo kwamba nipelekwe Kalima nikakae na baba, kwa sababu kule chakula kilipatikana na Kindu tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, siku nyingine hata hiyo moja ikitupita. Mama alifikiri juma zima, kisha akanisuka nywele, akanifungia nguo zangu mbili ndani ya kitambaa. Tulivuka mto asubuhi na mapema kwa mtumbwi, kinga imelazwa juu ya mizigo kama ng'ombe mgonjwa, mimi nimeishika gurudumu kana kwamba ningeweza kuizuia isianguke.

Tulikuwa watatu. Wa tatu alikuwa Papa Amisi, jirani yetu, mtu mrefu mwenye kucheka sana, aliyekuwa na kinga yake mwenyewe. Kinga za safari zile hazipandwi. Fimbo moja inafungwa kwenye usukani, nyingine inasimama nyuma ya tandiko, na msukumaji anaegemea katikati ya fimbo hizo kutwa nzima, mwili umelala upande. Mimi nilitembea nyuma na tawi mkononi, kazi yangu ikiwa kuweka jiwe chini ya gurudumu wakati wa kupumua kwenye mwinuko. Penye tambarare shangazi alinipakia juu ya magunia. Siku ya pili, mahali ambapo njia ilikuwa pana na ngumu, alishusha mizigo yote, akanikalisha kwenye tandiko, akanishika mgongoni na kuniambia nikanyage. Nilianguka mara nne. Mara ya tano nilikwenda mwenyewe mpaka kwenye daraja la magogo, nikageuka kuangalia nani ameona.

"Nitamwonyesha baba," nikasema.

"Utamwonyesha," akasema shangazi. Wakati ule alikuwa bado anaamini.

Siku hiyohiyo mchana tairi letu la nyuma lilipasuka vibaya. Papa Amisi alilifunga kwa kamba za mpira, lakini lilikuwa likitoa pumzi kila baada ya mwendo mfupi, ikabidi twende polepole. Shangazi akamwambia asitungoje.

"Tangulia tu. Ukifika, umwambie mudogo yangu tunakuja na mutoto wake."

"Nitamwambia," akasema Papa Amisi, akaegemea fimbo zake na kuondoka.

Kindu ni tambarare. Mtoto wa Kindu anajua mto, anajua anga, lakini hajui ardhi inaweza kusimama. Kwa hiyo siku ya tatu, tulipotoka msituni na kuona mbele yetu kitu cheusi chenye mgongo, kimelala kutoka upande huu wa dunia hadi upande ule, nilianza kutafuta mahali pa kujificha.

"Shangazi, mvua inakuja."

"Wapi?"

"Kule mbele. Mawingu iko mingi, tena nyeusi."

Alisimamisha kinga, akajipangusa uso, akatazama. "Ile haiko mawingu, mama. Ile njo milima."

"Inafanya nini pale?"

"Hakuna. Inakaa tu."

Jibu hilo halikunitosha. Kutwa nzima niliitazama nikingoja isogee. Jioni tukafika kwenye kijiji kidogo kilichokaa miguuni pa mlima mmoja, mwendo wa siku moja tu kabla ya Kalima, na shangazi akaomba malazi kwa mama mmoja aliyemfahamu kutoka safari zake za nyuma. Aliitwa Mama Anyesi. Alitupa maji ya moto ya kuoga na sahani ya pondu, majani ya muhogo yaliyotwangwa, nikalala nikiwa na furaha ambayo bado ninaweza kuigusa: kesho nitamwona baba.

Asubuhi niliamka peke yangu kwenye mkeka. Nilipotoka nje niliona kinga mbili zimeegemea ukuta badala ya moja. Nyuma ya nyumba, shangazi na Papa Amisi walikuwa wamesimama karibu karibu. Shangazi alikuwa ameshika tandiko la kinga yetu kwa mikono miwili, na alikuwa akiangalia chini, kama mtu aliyedondosha sindano.

"Papa Amisi," nikaita. "Umefika Kalima?"

"Nimefika, mama."

"Umemwona baba?"

Macho yake yalikuwa mekundu. Nilifikiri ni vumbi, maana alikuwa amepanda kinga tupu usiku kucha. "Nimefika kwake," akasema.

"Anajua mimi nakuja?"

Aliinama, akaanza kufungua gurudumu la nyuma. "Lete maji mu beseni," akasema, "tuone huyu mupira unatoka pumzi wapi." Nikakimbia kuleta maji. Alikuwa amekuja na gundi kutoka Kalima. Alikaa palepale chini, akakwaruza mpira ule muda mrefu kuliko ulivyohitaji, akapaka gundi, akangoja, akapaka tena, na ile harufu ikajaa ua mzima. Alikuwa mtu wa kucheka, lakini asubuhi ile hakucheka. Nikawaza kwamba kuziba mpira ni kazi inayotaka utulivu mkubwa.

Shangazi akaja, akanishika bega. "Leo hatuende," akasema. "Kinga iko mugonjwa. Leo njo siku yetu ya kupumuzika."

"Siku moja tu?"

"Siku moja."

Hapo ndipo ilipoanza siku ambayo kwa muda mrefu nimeikumbuka kuliko sikukuu yoyote. Mama Anyesi alinichemshia mayai mawili. Nilikuwa sijaona yai miezi mingi. Nilitaka kumwachia shangazi moja, lakini yule mama akasema, "Kula yote. Shangazi yako hana njaa," akasimama akinitazama mpaka nimemaliza. Mwanamke mwingine aliniletea kipande cha muwa kilichokwisha menywa. Watoto wa pale walikuwa wakiviringisha duara la chuma la gurudumu kwa kijiti, na msichana mkubwa kati yao akachukua kijiti kutoka mkononi mwa ndugu yake na kunipa mimi. "Aanze yeye," akasema. Nilipolikosea duara likaanguka, hakuna aliyenicheka. Wakanirudishia tena.

Nami nikaelewa kwa akili zangu. Nilielewa kwamba wananiheshimu kwa sababu nimetoka Kindu, mji wenye bandari na stesheni, na kwamba wamesikia nimejua kupanda kinga. Nikaanza kutembea polepole, mikono nyuma, kama nilivyowaona wakubwa wa stesheni wakitembea. Niliwaeleza watoto wale habari za mabehewa, kwamba baba yangu alikuwa akiyapakua kwa mkono mmoja. Walinisikiliza bila kubisha hata neno moja. Watoto gani hao wasiobisha? Lakini hilo sikujiuliza.

Shangazi alitoka ndani amejifunga kikwembe vizuri na kitambaa kichwani. "Njoo," akasema. "Unaonaka milima tangu jana. Twende tuone iko na nini."

Tulipita katika mashamba ya muhogo, kisha mpunga wa mlimani, kisha njia ikaingia msituni na kuanza kupanda kwelikweli. Sikujua kwamba magoti yanaweza kuja karibu na kidevu wakati wa kutembea. Shangazi alipanda bila haraka, na kwa mara ya kwanza tangu Kindu nilimwona akitembea wima, bila kinga ya kuegemea, mikono yake ikiwa haijui ifanye nini. Kwenye kivuli tulikuta matungulu, yale matunda mekundu yanayoota karibu na ardhi. Tuliyapasua na kunyonya mbegu zake chachu mpaka ulimi ukawa mkavu. Hondohondo wawili walipita juu yetu, na mabawa yao yalivuma kwa nguvu hadi nikainama. Shangazi aliniambia hao hawana ubaya, wanasafiri mume na mke.

Juu zaidi tulifika mahali ambapo kampuni ya zamani ilikuwa imeukata mlima ubavuni. Udongo ulikuwa mwekundu kama nyama, na chini yake kulikuwa na dimbwi la maji ya kijani yasiyotikisika. Nilitaka kushuka kuyagusa. Shangazi alinishika mkono kwa nguvu iliyoniumiza.

"Usiende pale."

"Kuna mamba?"

"Udongo wa pale haushike," akasema, akanivuta tukapita. Nikadhani nimemkasirisha.

Msitu uliisha ghafla, tukatoka kwenye majani mafupi na mawe. Kulikuwa na upepo wa baridi, upepo ambao haukuwa umepita mahali popote palipo na watu. Na milima, ambayo kutoka chini ilikuwa ukuta mmoja, ilifunguka: mmoja nyuma ya mwingine, wa kijani, wa bluu, wa majivu, na mabondeni ukungu ulikuwa umebaki kama maziwa chini ya bakuli. Upande mmoja kijito kilianguka kutoka kwenye mwamba, chembamba kama uzi, na kwa sababu ya umbali kilianguka bila sauti. Nilikaa juu ya jiwe na kusahau kwamba nina miguu.

"Kalima iko wapi?" nikauliza.

Alinyoosha kidole. Mbali, katikati ya vilima viwili, kulikuwa na vitu vinavyong'aa. Mabati.

"Baba iko pale?"

"Njo pale iko."

Nilichagua bati moja linalong'aa kuliko mengine nikalifanya la kwetu. Kisha nikafungua kitambaa changu cha kichwani, nikasimama juu ya jiwe, nikampungia baba. Nilipunga kwa nguvu zangu zote. Nilipogeuka, shangazi naye alikuwa amesimama, amevua kitambaa chake, anapunga. Mwanamke mzima aliyesukuma magunia ya chumvi kupita askari na vizuizi, kichwa wazi kwenye upepo, anapungia vilima. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Tulikula ndizi zetu, na nikaongea. Sijawahi kuongea tena kama siku ile. Nilimweleza shangazi yote nitakayomwambia baba: kwamba ninaweza kusoma herufi zilizoandikwa kwenye mabehewa, kwamba mdogo wangu ameota meno mawili, kwamba mama anaimba akidhani hatumsikii, kwamba nimepanda kinga mpaka darajani. Shangazi alinisikiliza akiwa ameshika kidevu. Nilimuuliza baba alikuwaje akiwa mtoto, akanieleza kwamba alikuwa akiogopa honi ya garimoshi. Kila ilipolia alikimbia kujificha ndani ya kikwembe cha shangazi, akibaki na miguu nje, na kwamba siku alipopata kazi stesheni alikuja kumwambia yeye kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, na wote wawili wakacheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Akanieleza siku baba alipokwenda kuoga mtoni, wenzake wakamfichia nguo, akarudi nyumbani amejifunika jani la mgomba mbele, akisahau nyuma.

Maswali yangu kuhusu zamani aliyajibu yote. Nilipouliza ya kesho, kama vile baba atatupikia nini, au nitalala upande gani wa nyumba, aliniambia tu, "Weye unawaza namna gani?" Nami nikawaza kwa sauti, na yeye akasikiliza. Mara moja alikwenda nyuma ya mwamba na kukaa muda mrefu. Aliporudi macho yake yalikuwa yamevimba, na aliponiambia upepo wa huku juu unachoma, nikakubali, kwa sababu ulikuwa unachoma kweli.

Jua lilipoanza kuinama tukateremka. Nilikuwa nimechoka, nimeshiba, nimenyamaza. Karibu na kijiji kulikuwa na mto mdogo wenye mawe. Shangazi aliniosha uso, shingo, mikono na miguu, kama unavyomwosha mtoto anayepelekwa kwa wageni. Akakaza kikwembe chake. Akakaa juu ya jiwe na kunisimamisha mbele yake ili macho yetu yawe sawa.

"Mama, sikiliza. Baba yako alikufa. Udongo ilianguka juu yake mu shimo. Walimuzika juzi."

Nakumbuka maji yalikuwa yakipita kwenye vidole vya miguu yangu, na kwamba yalikuwa baridi.

"Kwa hiyo kesho hatuende?" nikasema.

"Tutaenda. Tutaenda kuona pale walimuzika."

"Papa Amisi alisema alifika kwake."

"Njo pale alifika."

Nilihesabu kichwani. Mayai. Muwa. Kijiti cha kuviringishia duara. Watoto wasiobisha. "Weye ulijua tangu saa ngapi?" nikamuuliza.

"Tangu asubuhi."

Ningependa kuandika kwamba nilimlilia baba. Sikumlilia, si wakati ule. Kilichonijia kwanza ni aibu. Kijiji kizima kilikuwa kimenitazama nikitembea mikono nyuma kama mkubwa wa stesheni, na kila mtu alijua ila mimi. Nilichomoa mkono wangu kutoka mkononi mwa shangazi na kutangulia mbele. Kwa Mama Anyesi wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka, vitambaa vimefungwa viunoni, moto umewashwa uani. Walikuwa wametungoja hapo tangu mchana. Walipotuona tu, wakapaza kilio. Yule msichana mkubwa alikuwa amesimama kando ya jiko. Sikuweza kumwangalia.

Kesho yake tulikwenda Kalima, kinga ikiwa imezibwa vizuri. Kaburi lilikuwa tuta la udongo mwekundu, wachimbaji wenzake wamelizungushia mawe. Walitukaribisha kwa heshima, wakatuonyesha alipokuwa akilala. Hatukukaa siku nyingi. Tuliporudi Kindu na kuvuka mto, mama alikuwa akifua ukingoni. Alituona tunashuka kwenye mtumbwi tukiwa wawili, na mimi ndiye niliyepaswa kubaki Kalima. Aliweka nguo chini, taratibu, juu ya jiwe.

Nilimkasirikia shangazi kwa miaka. Sikumtukana, kwetu hilo haliwezekani. Nilimsalimia, nikamtekea maji, nikamchagulia mchele. Lakini nilikuwa nimejifungia mlango mmoja, na yeye alijua, na hakubisha hodi. Vita vikapita, garimoshi likarudi kwa kusuasua, likakatika tena, likarudi. Nikaolewa, nikazaa. Ni baada ya kuzaa ndipo nilipoanza kuiona siku ile kwa upande mwingine. Nilijiambia: mwanamke huyu alibeba habari ile mlimani na kuishusha, kutwa nzima, ili mtoto wa mdogo wake apate siku moja zaidi ya kuwa na baba. Nikalia, safari hii kwa moyo mweupe. Nikaanza kuieleza hivyo kwa watu, kwenye misiba na kwenye sikukuu. Wengi walitoa machozi. Shangazi akiwepo alikuwa akitazama mikono yake.

Miaka yake ya mwisho aliishi kwangu, kwa sababu miguu ilikuwa imekataa. Alifariki mwaka uliopita, baada ya mvua za kwanza. Miezi michache kabla ya hapo walikuja wageni wa upande wa mume wangu, nikawaeleza tena habari ya mlima, na walipoondoka nikaingia kumpa shangazi chai yake.

"Ile habari unaelezaka watu," akasema. "Ile ya siku ya kupumuzika."

"Eeh, shangazi."

"Haiko vile."

Nikaweka kikombe chini.

"Unasema nilikufichia juu ya kukuhurumia. Nimekuacha useme, maana inakufurahisha. Lakini miye nazeeka, sipendi kwenda na uongo." Alipumua kidogo. "Papa Amisi aliponiambia, nilitaka kukuamusha nikuambie palepale. Kisha ukatoka mwenyewe, ukauliza kama baba anajua unakuja. Nikasikia vile unatamuka jina yake, kama mutu mwenye iko muzima. Mu kile kijiji wote walikuwa wamekwisha kujua. Kalima wote walikuwa wamekwisha kujua. Kwako weye tu alikuwa angali anangoja mulangoni. Nikasema, acha nikae na huyu mutoto. Nilikupeleka kule juu nikusikilize. Ulimuongea muchana wote, nami nilikaa karibu naye muchana wote."

Niliinua kikombe, nikakirudisha palepale.

"Nilikuibia, mama," akasema. "Ungelia na watu wengine asubuhi, ungekuwa umelia vizuri. Miye nilikufanya uongee."

"Basi juu ya nini uliniambia pale mutoni? Ungengoja tufike."

"Ulinyamaza. Tukiteremka ulichoka, ukanyamaza, haukuwa na habari yake tena." Aligeukia ukuta. "Papa Amisi alinieleza asubuhi. Lakini mudogo yangu alikufa pale mutoni, wakati nilitoa lile neno kwa kinywa yangu mwenyewe."

Nje watoto walikuwa wakigombana juu ya kitu fulani, na sauti ya mwanangu ilikuwa juu kuliko zote. Miaka yote ile nilikuwa nimedhani msiba ulikuwa wangu, na yeye ndiye aliyenisindikiza. Yeye ndiye aliyembeba baba mgongoni. Na tangu tulipokaa kule juu mlimani sikuwahi tena kumwambia neno moja kuhusu baba. Kwa hasira kwanza, kisha kwa mazoea.

Nilivuta kiti karibu na kitanda chake. Nilimweleza jinsi baba alivyokuwa akirudi kutoka kazini na sukari imebaki kwenye mikunjo ya shati, mimi na mdogo wangu tukiilamba kabla mama hajatuona. Nilimweleza jinsi alivyojaribu kunisuka nywele siku mama alipojifungua, akanifunga mafundo ya kufungia magunia, yakakatwa kwa mkasi. Haya hakuwa akiyajua. Alikuwa amefumba macho, chai ikapoa bila kuguswa, na kila niliponyamaza nikidhani amelala, aliniambia, "Na kisha?"